Mbuzi wa Msimamizi

"Huyo mbuzi hapiti hapa."

"Si wako, Yuditha. Sogea."

"Nimesema hapiti. Kumhonga msimamizi ni kosa, na afisa yuko njiani, sasa akifika amkute huyu shahidi mwenye pembe..."

"Kumhonga nani? Nimemletea mama, wewe unajiingiza tu..."

"Mama ndiye msimamizi, Swaleh. Mama na msimamizi ni mtu mmoja. Au mwenzangu unaona wawili?"

"Mimi sioni hata mmoja. Naona mgongo tu."

Mgongo wenyewe ulisikia. Ulikuwa umekaa kwenye kigoda pembeni ya banda la ng'ombe, umevaa sweta la kijivu na khanga mbili juu yake, na mwenye mgongo alikuwa anakatakata shina la mgomba kwa panga. Mektrida hakugeuka. Tangu Swaleh amuoe binti yake, miaka minane sasa, hajawahi kugeuka. Mama mkwe wa huku juu Rombo, kama alilelewa na mama wa zamani, hamtazami mkwe wake usoni, hali naye, wala hamsemeshi moja kwa moja, mpaka upande wa mume ulete mbuzi wa kutoa aibu. Na huyo mbuzi hakuletwa. Swaleh na Yuditha walifunga ndoa bomani Moshi, mashahidi wawili na kreti la soda, yeye Mwislamu wa mjini na Yuditha Mkatoliki wa mlimani, na watu wa Swaleh wakasema mbuzi atakuja baada ya Idi. Hawakusema Idi ipi. Kabla mbuzi hajapata nauli, ndoa ikavunjika.

Leo ndiyo kwanza amefika. Amechelewa mpaka kwenye talaka.

Shani, mwenye miaka sita, alikuwa ameshashika kamba. "Baba, anaitwa nani?"

"Hana jina."

"Basi anaitwa Afisa."

Upepo ukageuka kidogo kutoka upande wa geti, ukapita juu ya banda, ukamfikia Mektrida puani. Hakuhitaji kutazama. Beberu. Tena beberu mzee, wa kunuka mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Mektrida akakohoa.

Swaleh alikuwa katikati ya kumjibu Yuditha. Akanyamaza hapo hapo, mdomo wazi.

"Nimekosea nini tena?" akauliza, akiangalia juu kama mtu anayeongea na mvua.

*

Hiki kikohozi kina historia yake, fupi.

Idi iliyopita Swaleh alimchukua Shani kwenda naye Tanga kwenye harusi ya binamu. Alisema wanaenda kwa shangazi hapo hapo mjini, watarudi jioni. Walirudi siku ya nne, mtoto ana hina mpaka kwenye viwiko, simu ya baba imezimwa tangu Korogwe. Yeye alisema chaji. Yuditha siku zote hizo alikuwa anashinda kituo cha polisi, kwenye benchi, na kila gari lililoingia alisimama. Tangu hapo ofisi ya ustawi wa jamii ikasema: baba atamwona mtoto Jumamosi moja na kuruka moja, mbele ya msimamizi, na msimamizi awe mtu ambaye pande zote mbili zinamwamini.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Wa kwanza alikuwa Melkior, kaka yake Yuditha. Melkior alisimamia mara mbili, zote akiwa baa ya ng'ambo ya barabara, akasema kutoka pale ndiyo anaona vizuri zaidi. Swaleh akampendekeza Hajira, shangazi yake. Yuditha akauliza, Hajira yupi, yule aliyekuwa anacheza ngoma Tanga kwenye picha? Afisa mwenyewe, kijana mmoja anaitwa Remigius, akachoka. Akaweka kalamu chini.

"Hivi hapa duniani," akasema, "hakuna hata binadamu mmoja mnayemwamini wote wawili?"

 Kila mmoja akaangalia upande wake. Halafu, kwa aibu na kwa pamoja, wakataja mtu mmoja.

"Mama."

Na Mama hashuki mjini. Ana ng'ombe. Basi ikawa hivi: Yuditha anakaa Shirimatunda, Swaleh amepanga chumba Pasua na anatengeneza friji za watu, safari ya bajaji moja tu kati yao, lakini kila wakitaka kuonana kwa ajili ya mtoto wanapanda mlima, wanapita Mwika, wanafika Mkuu, wanapanda tena, ili wakutane kwenye kihamba, shamba la migomba la bibi mmoja anayewapa mgongo.

Remigius alimwambia Mektrida kwenye simu, "Mama, kazi yako ni kuona na kusikia." Mektrida akajibu kusikia atasikia.

Siku ya kwanza kabisa Swaleh alikaa kwenye benchi la mbao, Shani mapajani, na dakika haijaisha akauliza kwa sauti ya chini, "Eti mama, nyumbani kwenu huwa anakuja mjomba gani?" Kule kwenye banda Mektrida akapaliwa. Alikohoa mpaka kuku wakatawanyika. Swaleh akaacha. Baadaye akamwambia Shani watarudi Tanga, waende tu wawili, wasimwambie mtu. Kikohozi. Akaanza kumsuka mtoto nywele, akavuta kama anavuta waya wa friji. Kikohozi kidogo, cha onyo. Akalegeza mkono.

Na Yuditha naye hakuachwa. Akimleta mtoto alikuwa na tabia ya kumwekea akiba ya maneno getini: baba yako akikuahidi kitu usiamini, baba yako hata kiatu hajawahi... Mektrida alikohoa kwa Yuditha vile vile, sauti ile ile. Binti akasema, "Mama, nenda hospitali."

Chakula kilikuwa na taabu yake. Mektrida hawezi kumpa mkwe chakula mkononi, mkwe hawezi kula mbele yake. Basi mtori unatoka jikoni kwa miguu ya Shani, nusu bakuli inamwagika njiani, na Swaleh anakula nyuma ya nyumba amesimama, kama mtu aliyekuja kusoma mita. Siku moja mvua ilimkuta huko huko na bakuli. Hakulalamika. Alimwambia Shani, "Mwambie Bibi mtori umeongezeka."

Mektrida alicheka kimya kimya mpaka mabega yakatikisika. Shani akaona. Ndiyo akauliza, kwa nini Bibi unaangalia migomba tu, hutaki kumwona Baba? Na Mektrida, kwa kuchoshwa na maswali, akajibu, "Akileta mbuzi nitageuka."

Alijuta baadaye. Mtoto wa miaka sita ukimwambia kitu umeshatangaza.

*

Pikipiki ya serikali iliingia na Remigius juu yake, kofia ngumu kichwani, begi mgongoni, vumbi mpaka kwenye nyusi. Leo ndiyo siku aliyosema atakuja kujionea mwenyewe na kuamua. Ama Swaleh aachiwe mtoto kama baba wengine walioachana, ama aendelee kusimamiwa, ama Jumamosi zenyewe zikatwe kabisa. Wote pale uani walijua uamuzi utatoka kwenye mdomo wa Mektrida. Na Mektrida alijua zaidi yao.

Kwa sababu yeye alikuwa na lake moyoni, ambalo hakuna aliyemuuliza. Kabla ya hizi Jumamosi alikuwa anamwona Shani Krismasi, na shule zikifungwa, tena Yuditha akipata nafasi. Sasa hivi mtoto anafika Jumamosi asubuhi, analala kwa Bibi, anaogeshwa kwa maji ya moto kwenye beseni, anapiga kelele kwamba Mkuu kuna baridi kuliko kwenye friji za Baba, Jumapili anapelekwa misa amesukwa upya. Jumamosi za kati Mektrida alikuwa hazipendi siku hizi. Zilikuwa zinakaa tu.

"Shikamoo Mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Remigius akaangalia mgongo, akaangalia migomba. "Mama, mbona umekaa huku?"

"Nasimamia."

"Unasimamia nini, ndizi?"

"Muulize Swaleh kama kuna kitu kimenipita."

Swaleh akatikisa kichwa kwa nguvu. Hakuna.

"Afisa," Yuditha akaanza, "kabla hujakaa. Huyu bwana amekuja na mbuzi. Siku ya uamuzi. Mbuzi mzima, kwa msimamizi. Mimi sisemi ni rushwa, mimi nauliza tu, inaitwaje?"

"Mbuzi yuko wapi?"

Shani akanyoosha kidole. Beberu alikuwa ameweka miguu ya mbele kwenye siti ya pikipiki na anaonja kamba ya mzigo.

"Anaitwa Afisa," Shani akasema.

Remigius akameza hilo. Alimshusha mbuzi, akajifuta mikono kwenye suruali. "Bwana Swaleh. Mbuzi huyu ni wa nini?"

"Wa mama. Wa aibu."

"Aibu ipi?"

"Ya ukwe. Ile ya... asiweze kunitazama."

Remigius ni mtu wa Usseri, huku huku Rombo. Akavua ile kofia ngumu, pole pole, kama ameingia kanisani. "Ahaa," akasema. Halafu akakumbuka amekuja na begi la ofisi. "Lakini nyie si mna talaka?"

"Ndiyo hapo," Yuditha akadakia. "Mbuzi wa ukwe leo maana yake nini? Kwamba mimi bado ni mke wako? Mama Ndelilio jirani pale ameshachungulia mara tatu kwenye ua wa masale. Ikifika jioni nitakuwa nimeolewa tena na mwenyewe sijaambiwa."

"Hakuna anayekuoa."

"Na hakuna anayekuomba."

"Basi tumeelewana."

"Hatujaelewana, mbuzi bado yuko hapa. Swaleh, Jumamosi ngapi nimekuletea mtoto, soksi za Shani hujawahi kununua, leo una hela ya beberu?"

Hiyo ilimpata. Swaleh akaangalia viatu vyake. Alikuwa amevaa vile vya Ijumaa, na tope la Mkuu lilikuwa limeshavifanya vya kila siku. Yuditha mwenyewe aliona amepiga chini kidogo ya mahali alipokusudia, akajifanya anamfunga Shani kamba za viatu.

"Nimeuza baiskeli," Swaleh akasema. "Soksi nitanunua. Lakini sikiliza, Yuditha. Wewe uliniacha, mimi nikakuacha, tukasaini, tumemalizana. Mama mimi sikumwacha. Wakati tunasaini niliangalia kila ukurasa. Hakuna mahali pa kumwacha mama."

Panga likasimama. 

Remigius alijikuna shingo.  Akashika lile alilolijua. "Mimi sipingi mila. Mama yangu mwenyewe alipewa wake. Lakini kanuni ni kanuni: msimamizi hapokei kitu kutoka kwa anayesimamiwa. Hata yai. Mbuzi atoke nje ya geti."

Kumtoa beberu asiyetaka kutoka si jambo la heshima. Swaleh alivuta mbele, mbuzi akavuta nyuma, kamba ikamkata kiganja, viatu vya Ijumaa vikateleza, akakaa chini matakoni mbele ya aliyekuwa mke wake, afisa wa serikali na jirani kwenye masale. Shani alicheka mpaka akashika tumbo. Yuditha aliuma mdomo, akageuka upande, akashindwa, akacheka naye. Mwishowe mtoto ndiye aliyemtoa mbuzi, kwa ganda la ndizi.

*

Wakakaa. Remigius kwenye benchi, Swaleh kwenye ndoo iliyogeuzwa, Yuditha kwenye kizingiti, mgongo mahali pake. Shani aliambiwa akacheze, akacheza karibu sana.

"Mama," Remigius akasema, "nitakuuliza moja tu, na utakavyosema ndivyo nitakavyofanya. Huyu baba akiachiwa mtoto peke yake, itakuwaje?"

 Mektrida aliokota kipande cha mgomba, akakiweka chini tena.

Angeweza kusema bado. Neno moja tu. Bado, afisa, tumwangalie mpaka Krismasi. Yuditha angefurahi, ofisi ingeandika, Swaleh angepanda mlima na kushuka kama kawaida, na beseni la maji ya moto lingeendelea kuwa na mtu ndani yake. Hakuna ambaye angemlaumu. Msimamizi mkali husifiwa. Alilipima hilo neno, likawa tamu kabisa mdomoni.

Lakini alikuwa na kitu alichokikalia wiki mbili nzima. Jumamosi ya zamu iliyopita Shani alikuwa anamsimulia baba yake mambo ya nyumbani, akasema, "Mama juzi alilia, halafu akasema wewe..." Mektrida akavuta pumzi ili akohoe. Hakuwahi. Kikohozi kilitoka kwenye benchi. Swaleh alikohoa mwenyewe, akamwambia mtoto, "Hayo ni ya mama yako, mwachie. Niambie ya shule."

Usiku ule Mektrida alijua kazi yake imeisha. Hakumwambia mtu.

"Mwanzoni," akasema sasa, "nilikuwa namkoholea. Mara nyingi. Koo liliuma kweli, Yuditha akafikiri nina kifua. Siku hizi anajikoholea mwenyewe."

Remigius akangoja kama kuna zaidi.

"Ndiyo hivyo," Mektrida akasema. "Aachiwe mtoto wake."

Swaleh aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua. Ndoo ilitoa mlio chini yake.

"Na simu?" Yuditha akauliza. Sauti yake haikuwa ya ugomvi tena, na hivyo ilikuwa ngumu zaidi kusikiliza. "Mama, wewe hukuwepo kituoni. Gari likiingia nasimama. Likiwa si lao nakaa. Nilikuwa nimeshaanza kufikiri nitamtambua kwa nguo gani."

Hakuna aliyekohoa.

"Nilikosa," Swaleh akasema. "Chaji ilikuwepo. Nilizima mwenyewe, nilijua utanirudisha. Simu haitazimwa tena. Na ukipiga, Shani ndiye atakayepokea, umsikie yeye kwanza."

Yuditha alimwangalia muda mrefu. Hii habari ya chaji alikuwa anaijua siku zote, ila hajawahi kupewa. "Na magharibi awe nyumbani," akasema.

"Kabla ya magharibi."

"Na soksi."

"Na soksi."

Remigius alipiga mapaja yake kama mtu aliyemaliza kula. "Basi. Kila Jumamosi, asubuhi mpaka magharibi, huko huko mjini. Hamna haja ya kuja mpaka huku tena, mnamaliza nauli bure. Usimamizi umeisha."

Ilikuwa habari njema, na wote waliipokea kama habari njema. Yuditha alishusha mabega. Swaleh alisema Alhamdulillahi kwa sauti ndogo. Ni Shani peke yake, ambaye alikuwa amefika kwenye kigoda bila mtu kumwona na kujiegemeza kwenye sweta la kijivu, aliyeona kuna kitu kimesahauliwa.

"Na Bibi je?"

Watu wazima wakaangaliana. Wakaona walichokisahau wote.

"Bibi tutakuja kumwona," Yuditha akasema. "Krismasi si mbali."

Ulikuwa mwezi wa tano.

Mektrida alimpapasa Shani kichwani, akapitisha kidole kwenye mistari ya nywele. Mistari ilinyooka siku hizi. Halafu akasema, kwa migomba:

"Afisa."

"Naam, Mama."

"Kwa hiyo mimi si msimamizi tena."

"Umemaliza kazi, Mama. Ofisi inakushukuru sana."

"Kuanzia lini?"

Remigius akacheka. "Kuanzia sasa hivi."

"Kabisa?"

"Kabisa, Mama. Sasa wewe ni bibi tu."

"Vizuri."

Akafuta panga kwenye jani, upande huu, upande ule, akaliegemeza kwenye banda. Akakaza khanga. Na bila kugeuka, akaita jina ambalo kwa miaka minane halijawahi kutoka kinywani mwake kwenda kwa mwenyewe.

"Swaleh."

Swaleh alisimama wima, ndoo ikaanguka. "Naam, Mama."

"Huyo beberu nani alikuuzia?"

"Mtu mmoja pale Mwika. Aliniambia ukweni hapelekwi kitu kidogo, peleka chenye ndevu."

"Mrudishie. Mbuzi wa mkwe ni jike, ambaye hajazaa bado. Naomba uniletee Jumamosi ijayo, wewe mwenyewe, na kamba ashike Shani. Nimechoka kuangalia migomba."